Paa Asiye na Masikio

Jenereta ya shule ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Watoto mia mbili na kenda, chumba kimoja, Paidha,
madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa,
na Mama Sulastri, aliyetoka kisiwa cha Java
na sanduku la wanasesere wa ngozi ya nyati,
akanitazama mimi, kana kwamba umeme ni wangu.

Ndipo Drati akaisukuma bodaboda yake hadi mlangoni,
akawasha taa.

Shuka la zahanati likang'aa, doa la iodini pembeni.
Paa akatokea, miguu kama njiti za kiberiti,
akawaambia mamba: jipangeni, niwahesabu.
Akavuka mto juu ya migongo yao.

Sikuwahi kutafsiri. Karatasi ilikuwa mkononi,
nimeiandika usiku kucha.
Piracel wa darasa la tatu, ambaye tangu Februari
hajaniitikia hata jina lake,
alipanda juu ya benchi:
"Huyo ni sungura wetu! Nani kamkata masikio?"

Chumba kikapasuka.
Mama Sulastri hakujua neno hata moja, akacheka nao,
akamwita mbele, akamshikisha kijiti.

Petroli iliisha kabla ya hadithi.
Gizani, kwa Kialur, sauti ndogo iliendelea
kumvusha mnyama, sasa mto ni Nyagak.
Hakuna aliyeulizia taa.

Asubuhi niliita majina.
"Piracel?"
"Nipo, mwalimu. Na masikio yangu yote."