Ngeli ya Dudu

Kidderminster, kiwanda cha mazulia kilichofungwa.
Saa kumi na moja alfajiri wamenivika gamba la plastiki,
mimi, askari wa malkia, nambari kumi na tisa.
Miguu sita: miwili niliyozaliwa nayo,
miwili imemeza mikono yangu,
miwili ya sponji inaning'inia mbavuni
na kuvutwa kwa uzi. Nikijikuna pua
mguu wa katikati unapiga saluti.

"Usitoe jasho, mpenzi," anasema Beryl wa gundi,
kana kwamba jasho huomba ruhusa.

Kazi yenyewe haina maneno.
Tunatoka ukutani, tunawavamia mashujaa wawili,
tunakufa.
Kufikia saa sita nimeshakufa mara kumi na moja.
Ile ya nne, wamesema, nilikufa vizuri sana,
ila kivuli cha maikrofoni kilipita juu ya maiti
ikabidi nife upya.

Kijana mwenye kipaza sauti anatuelekeza kwa Kiingereza,
na Kiingereza kina neno moja dogo
la meza, la mvua, la mguu uliokatika, la mimi.
Namsikiliza nikiwa ndani ya kichwa changu cha pili
na namkumbuka Mwalimu Kheri, darasa la tano, Pangani,
akichora jedwali ubaoni: A-WA.
Mtu anakuja. Mtoto anakuja. Mdudu anakuja.
"Hata mende, mwalimu?"
"Hata mende," akasema, na akamkanyaga.

Basi mende, sisimizi, nyigu, kiroboto wa mbwa
wanatembea katika sentensi zetu
kwa kiambishi kilekile cha hakimu na mkunga.
Hakuna aliyewapigia kura. Wamo tu.

Lakini mpe ukubwa.
Mrefushe awe kama basi la ghorofa,
mtie meno magotini,
mpeleke kwenye nyota ambako hakuna aliyemwalika,
na ile m inakatika
kama mguu wa panzi mkononi mwa mtoto.
Dudu linakuja.
Dudu limekufa.
Nisiisingizie lugha ya wenyeji peke yake:
na yetu, hofu ikinenepa, hunyofoa herufi.
Muulize mtu aliyeitwa jitu.

Mchana tunavua vichwa, tunakula viazi vya kukaanga.
Glenys, nambari ishirini, ana miaka sabini na mmoja;
alifuma mazulia kwenye sakafu hii hii miaka ishirini na miwili.
"Mtambo wangu ulikuwa pale," ananionyesha kwa ukucha,
pale walipopanga mayai ya malkia,
mayai ya taa na jeli, yanayopumua kwa pampu.
Halafu anauramba ukucha, una chumvi.

Kifo cha kumi na mbili.
Hakuna aliyetufundisha, ila nimewaona
kwenye madirisha ya wazee ninaowaogesha wikendi:
nzi hafi kwa kurusha mikono kama mwigizaji.
Hulala chali, hukunja miguu yote kifuani,
taratibu, kama mtu anayekunja nguo za safari.
Nikavuta uzi. Nikakunja yote sita.
Pembeni nikasikia plastiki ikilia:
Glenys naye anakunja.
Shujaa akasita, upanga juu,
akasahau maneno yake.
Wakakata. Wakarudia. Ile hawataitumia.

Usiku, gundi bado shingoni, nafungua dirisha la bafu,
na kwenye ufa wa mbao, amejibanza kwa baridi,
kidudu chekundu mwenye madoa meusi.
Kwetu sikumbuki anaitwaje.
Nafunga dirisha polepole.
Amelala.