Nafasi Kabla ya Jina

Saa mbili asubuhi Kichina, ghorofa ya chini,
chumba kilichokuwa stoo ya vinanda,
bado kinanuka mbao na nta.
Mwalimu Qiu anachora hewani kwa chaki:
sauti ikizama kisha ikainuka, *mai*, umenunua;
ikianguka kama shoka, *mai*, umeuza.
Sisi kumi na mmoja, wana wa wakulima wa Iowa,
tunanunua na kuuza kwa videvu,
na Bram Oostenrijk anacheka hadi anafuta machozi
maana, pasipo kukusudia, ameuza kanisa.

Saa nne kengele ya ibada.
Tunavuka theluji na kamusi kwapani,
tunaketi kwenye mabenchi yaliyochongwa na babu zetu
watu wasiopenda mgongo ustarehe.
Kila ulimi utakiri, asema kasisi.
Ulimi wangu una jeraha la chai ya moto
na irabu tatu za puani ambazo hazijanikubali.

Alasiri, Kifaransa.
Bwana Desrameaux alizaliwa Jérémie, upande wa kusini wa Haiti;
alikuja kusoma miaka miwili,
na sasa ana koleo lake mwenyewe la theluji.
Anaandika jina lake ubaoni: herufi kumi.
Analitamka: zimebaki sita.
Anaandika *temps*. Ni wakati, asema,
na ndiyo pia hali ya hewa,
nami namwona baba amesimama mlangoni pa zizi
akiyatazama yote mawili kwa jicho moja.
Herufi tatu za mwisho hazisemi kitu.
Naomi Zylstra anauliza: basi za nini?
Bwana Desrameaux anapangusa chaki kwenye sweta.
Zimo, asema. Zimenyamaza tu.
Jaribu kuzifuta uone kama nitakupa alama.

Novemba nilibaki darasani, mvua ya barafu ikigonga dirisha.
Mwalimu Qiu akafungua Maandiko ya bibi yake,
karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu.
Kila nilipolifikia jina la Mungu
palikuwa na pengo kabla yake,
upana wa herufi moja, jeupe.
Nikadhani mpiga chapa alikosea.
Hapana, akasema. Waligombana, wale wa zamani,
Mungu aitweje kwa Kichina.
Hawa wakataka jina la herufi mbili, hawa la moja.
Wachapaji wakapanga kurasa zitakazowafaa wote;
jina fupi likaacha shimo.
Akacheka kidogo. Ni ugomvi tu, Tirza.
Kisha, akikifunga: lakini bibi alipofika hapo
alikuwa anavuta pumzi.

Siku ya Shukrani nilirudi nyumbani.
Mitamba kumi na minne haikuwepo zizini.
Sikuuliza; ada yangu ya muhula ililipwa Oktoba.
Mezani baba akasema: haya, tuambie neno,
tusikie tunacholipia.
Nikasema *mai*.
Maana yake nini?
Nikatazama mikono yake, nikasema, kununua.
Shoka nikalificha chini ya ulimi.

Kisha tukainamisha vichwa.
Baba huombea kila mtu kwa jina, mkubwa kwanza.
Lakini kabla ya Geertje, kabla yangu,
kabla ya jina lolote la mtoto,
hunyamaza.
Miaka mitatu nilidhani anatafuta maneno.
Joris aliondoka na gari la maziwa
na sentensi moja kuhusu kanisa letu ambayo hairudiwi humu ndani.
Kiti chake hakijaondolewa.
Mama hukifuta vumbi Jumamosi, kama vingine.

Safari hii nilipima kwa sikio:
upana wa herufi moja.
Nami nikavuta pumzi,
na upande wa pili wa meza nikamsikia mama
akivuta yake.

Viazi vilikuwa vinapoa.
Hakuna aliyeharakisha.