Kilima cha Mama Mkwe

Toka Malindi kabla ya adhana ya pili,
wakati mbwa wa Kisumu Ndogo wangali wamelala barabarani
wakiamini lami ni yao.
Usibebe kitu kizito: pampu, kiraka, chupa ya maji,
mahamri matatu ndani ya gazeti.
Moja halitafika darajani, nakujua.

Sabaki imejaa, rangi ya chai ya maziwa
iliyosahauliwa jikoni.
Viboko hawaonekani,
ila muuza mihogo anaapa aliwasikia wakikohoa.
Vuka, kisha kata kushoto.
Malori ya chumvi yaache yaende zao Gongoni
na honi zao.

Hapo ndipo nchi inaanza kupumua.
Inapanda kidogo, inashuka kidogo,
kama khanga iliyotandazwa juu ya watoto waliolala.
Magarini: jina limejaa magari,
njia haina hata moja.
Mikorosho, udongo mwekundu,
kuku anayevuka bila kumuuliza mtu,
na mnyororo wako, tiki, tiki, tiki,
ndio pekee wenye la kusema.

Vilima hivi wenyeji hawakuvipa majina.
Nani hulipa jina kunjo la shuka lake?
Ni sisi wawili, mapaja yakiwaka moto,
tuliovibatiza.
Salamu, kwa kuwa kinakupokea vizuri.
Deni, unalipa, unalipa, na bado kipo.
Halafu kile kirefu, kile ambacho
kila ukidhani umefika kileleni kilele kimehama,
tulibishana jina lake hadi Marikebuni
na hatukuafikiana mpaka leo.

Lakini Mama Mkwe hatukubishana.
Mama Mkwe hatazamwi usoni.
Unainamisha kichwa, unahesabu kokoto,
unapanda kwa adabu.

Jumamosi iliyopita mnyororo ulinitoka katikati yake.
Ziro, yule mtoto wa dukani, alikuja na kijiti,
akaurudisha kama anayemvisha mdogo wake kiatu,
kisha akaniuliza: gia zote hizi ni za nini, mama,
na bado unashuka kusukuma?
Sikuwa na jibu.
Nikasukuma.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.
Hawakupita huku.
Huku mpanda hushuka, akapanda,
akashuka, akapanda,
hata akasahau alitoka nyumbani amemkasirikia nani.

Umazi, mwaka wa pili huu uko Dammam
unapiga pasi kanzu za watu usiowajua majina,
na mimi nakuelekeza njia
kama vile utatoka kesho.
Baiskeli yako iko ukumbini, nimeifunika leso.
Naijaza upepo kila Ijumaa,
ikifika Alhamisi imeshautoa wote.
Fundi anasema ni vali.
Mimi namwachia aseme ni vali.

Juzi ulinitumia sauti, pasi ikizomea nyuma yako.
Hukuuliza bei ya unga, wala goti langu,
wala mvua kama imenyesha Ganda.
Ulisema tu: Mama Mkwe hajambo?

Hajambo. Wamemchimba mtaro ubavuni,
wanasema lami itafika hadi Marafa,
wamesema hivyo tangu tungali na meno yote.
Leo asubuhi kileleni mtandao ulikuwa vijiti viwili.
Nilikupigia, hukushika;
labda mwenye nyumba alikuwa karibu.
Basi nikaanza kurekodi,
nikaitumbukiza simu mfuko wa shati,
sikusema neno,
nikaachia breki.

Utausikia upepo kwanza, mwingi, usiogope.
Kisha kokoto.
Pale sekunde ya arobaini, huyo ni mbuzi.
Anayepiga kelele baada yake
ni mimi.