Kitalu

Miaka kumi na tisa Naliendele
nabebesha miche ya mikorosho:
kikonyo, wembe, utepe wa nailoni, kivuli,
kisha mkono ukae mbali.

Leo kitalu ni utosi wangu.
Nywele za kisogoni zimehamishiwa mbele,
vishimo elfu mbili na mia tatu,
kila kimoja na kigaga chake.
"Ungepuliza salfa tu," mke wangu alicheka.

Nesi Somoe ananivika barakoa. Mtungi unasonya.
Oksijeni ina ladha ya mpira
na inalipiwa kwa saa,
ilhali nje, Shangani, upepo unapeperusha kanga za watu bure.

"Itanisaidia?"
"Kidonda, labda. Nywele muulize Mungu.
Vuta. Usijikune."

Halafu, akitazama saa yake:
"Mwezi ujao zitapukutika. Karibu zote.
Usishtuke, mizizi inabaki."

Maneno yangu hayo!
Ndiyo niliyomwambia Bi Nantende wa Kitangari
aliyekuja na mche uliopukutika,
ameufunga kitengeni kama mtoto mgonjwa.
Jani si mche, mama, nilisema,
nikaendelea kunywa chai.

Navuta. Natoa.
Mkono umeshafika nusu ya njia
kwenda kichwani.