Mshika Antena

Kila Alhamisi, saa tatu kasoro robo usiku,
mimi nilikuwa juu ya bati.

Keko Machungwa, nyumba ya Mzee Pazi:
bomba la chuma limesimikwa pembeni ya karo,
juu yake vijiti vya alumini
na mfuniko wa sufuria uliofungwa kwa waya,
kwa kuwa fundi alisema unasaidia.
Kazi yangu kuzungusha. Ujira wangu, kiingilio bure.
Wenzangu walitoa shilingi ishirini
wakabanana sakafuni, magoti kifuani.

Bure ya nini, na mimi niko juu?

"Hapo?"
"Bado!"
"Na hapo?"
"Umepitiliza, rudisha! Rudisha kidogo...
Hapo hapo! Usipumue!"

Nami nikaacha kupumua.

Hivyo ndivyo nilivyoutazama Vumbi la Mkeka,
mchezo mzima, mwaka na miezi,
kwa nyayo na masikio.
Mlango ukibamizwa, bati lilitetemeka.
Kisha kimya. Kisha msonyo wa Bi Sikujua,
mrefu kama foleni ya mafuta ya taa,
nami nikajua Mzee Fungutatu ameingia,
yule bahili aliyeficha wosia wa kaka yake
ndani ya gunia la mchele
akawa anapika ugali asije akalifungua.
Wengine walisema ana kipara.
Wengine, kofia tu.
Mimi namjua kwa kikohozi.

Asubuhi pale bombani, ndoo zikisubiri zamu,
hakuna aliyesema "jana kwenye televisheni."
Walisema "jana," basi.
Mama mmoja alimwombea dua mjane wa mchezoni
kabla ya kumwombea mumewe aliyelazwa Muhimbili.

Usiku wa mwisho, gunia likiwa limeshaguswa,
kisu kimeshashikwa (hayo nilisimuliwa),
umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna kama mtu mmoja.
Nikabaki juu, gizani, mkono bado kwenye bomba,
nikiogopa kuachia
nisije nikaonekana mimi ndiye niliyeuzima.

Walisema utarudiwa Jumamosi.
Jumamosi ulikuwa mpira.

Sasa pale kwa Mzee Pazi pana ghorofa nne
na kila dirisha lina dishi lake, bakuli la ombaomba
lililoelekezwa mbinguni.
Nimesikia kanda zilifutwa, wakarekodi kitu kingine juu yake.
Sijui. Sikuwepo.
Hata ulipokuwepo, sikuwepo.

Jumapili nilimwomba mpwa wangu Shamsa
autafute kwenye simu yake.
Alitafuta, msichana wa watu, kwa moyo.
Akapata muuza mikeka wa Kariakoo.
Akapata namna tano za kutoa vumbi kwenye zulia.
"Mjomba," akasema taratibu,
kama unavyomwambia mtu kwamba shati lake liko nje ndani,
"una hakika haikuwa redio?"

Nikatafuta shahidi.
Bi Sikujua yuko Kisarawe, hamtambui hata mwanawe.
Wengine nikiwapigia wanakumbuka joto,
wanakumbuka nani alijamba,
wanakumbuka mtoto mmoja kule juu ya bati.
"Mchezo wenyewe? Mh. Ulikuwa mzuri."

Nilikuwa nafunga kandambili niondoke,
mume wa Shamsa akaingia.
Akamwomba amrushie bando; la kwake limeisha.
Kumbe analo, ameliweka akiba.
Shamsa akacheka, akampiga na kanga begani:
"We! Acha ufungutatu!"

Nikageuka.
"Umelitoa wapi neno hilo?"
"Neno gani?"
"Hilo. Ufungutatu."
Akanitazama, akamtazama mumewe.
"Si Kiswahili tu, mjomba? Watu wote wanasema."

Nikasimama pale mlangoni,
mkono mmoja umeshika fremu, juu kidogo ya kichwa.
Hapo hapo, nikajiambia.
Usipumue.