Alhamisi, Kabla ya Kulipa

Shangazi Bogumiła anasoma orodha
kama karani wa mahakama: Viazi. Karoti. Shibiti,
lakini si kama ya wiki jana iliyofika imelala.
Kwake Białystok ni saa moja usiku.
Kwangu Calgary ni saa tano asubuhi, nimo garini
nje ya karakana ya matairi, theluji hadi magotini,
mkono huu mkate, mkono huu duka zima.

"Vitunguu," anasema.
Vingapi?
"Kama kawaida."
Kawaida ndiyo iliyoniponza. Novemba niliandika moja
nikidhani ni kilo,
akaletewa kitunguu kimoja, peke yake mfukoni,
na risiti ndefu kuliko mfuko.
Hakukipika. Alikiweka dirishani, kikachipua.
"Huyu ni mgeni," aliniambia,
"katumwa kutoka Kanada. Nitamkataje?"

Tangu hapo tunabishania kila kitu.
Karatasi za chooni: yeye anataka za bei ya chini,
za kijivu, zinazokwaruza kama serikali ya zamani.
Mimi nabofya laini, kimyakimya,
na wiki inayofuata ananiarifu
kwamba makalio yake yameingia utajirini bila idhini.

Na jibini?
"Ile ya mviringo."
Zote mviringo, Shangazi.
"Ile yenye ng'ombe."
Zote zina ng'ombe.
"Ng'ombe anayetazama pembeni, kama baba yako akidaiwa."
Napekua, napekua.
Nampata. Kweli anatazama pembeni.

Kisha, kabla ya kulipa, duka linauliza
kama linavyouliza kila Alhamisi, kwa herufi za kijani:
Je, umesahau? Huwa unanunua hiki.
Na picha: chupa ya heringi waliolala kwenye siki,
pembeni yao punje tatu za pilipili manga.

Mumewe, Longin, alimaliza chupa kwa wiki,
amesimama, mlango wa friji wazi,
uma wa keki mkononi,
na ole wake atakayesema umeme unapotea.
Alizikwa Oktoba. Nilihudhuria kupitia simu
ya binamu yangu Wawrzyniec,
nikaona zaidi viatu vya watu, na matope.
Duka halikupewa taarifa.
Kila wiki linamkumbuka
kwa uaminifu usio na adabu,
na kila wiki naifuta ile chupa
kabla shangazi hajasikia kimya changu.

Leo kidole kiko juu ya alama ya kufuta.
"Mirek," anasema. "Acha."
Niache nini?
"Kile kishikwambi ulichonitumia hakimo kabatini.
Kipo hapa, kimeegemea sufuria ya supu.
Tangu Desemba nakuona.
Unaiondoa taratibu, kama mtu anayeokota unywele
kwenye koti la mwenzake, mwenzake asijue.
Leo acha ije."

Lakini huli heringi, Shangazi.
Harufu yake tu inakufukuza jikoni.

"Ndiyo," anasema.
"Nataka kufukuzwa."

Nasikia saa yake ya ukutani, ile inayochelewa dakika sita
na ambayo Longin pekee aliijulia dawa.
Kioo cha gari kimejaa ukungu wa pumzi yangu.
Naandika moja. Nahakiki: chupa, si kilo.
Kesho kati ya saa nne na saa sita
Ales, yule kijana Mbelarusi, atapanda ngazi hadi orofa ya nne,
ataweka mifuko mlangoni, atabisha mara mbili, atashuka
asijue amembeba nani.

Msimamizi anagonga dirisha: lori limefika,
matairi kumi na manane, dereva ana haraka.
Nalipa. Skrini inanishukuru
kwa jina la shangazi.

"Na vitunguu," anasema yeye,
"hujaandika."