Nilikuwa Nao

Chumba kilikuwa ghala la kahawa zamani, karibu na uwanja wa ndege.
Magunia yalihama, harufu haikuhama.
Sakafu ni mawe meusi ya Nyiragongo, yasiyokubali kiti kitulie.
Wageni wawili, mashine ya kurekodi, chupa za maji.
Kapiteni wetu pembeni, anachezea funguo.
Mimi katikati, mkalimani,
dola arobaini kwa siku, nauli juu yangu.

Kijana aliitwa Kasereka Mbusa.
Walimtoa upande wa Beni kwa helikopta,
macho yamefungwa kwa kipande cha kitenge,
maua ya njano.
Nikawaza: hiki kimechanwa kutoka kwa mtu.

Wakauliza. Nikauliza.
Akajibu taratibu, kama anayehesabu chenji:
"Nilikuwa nao miezi saba."

Basi.
Nilikuwa nao.

Hakusema mmoja wao.
Hakusema mikononi mwao.
Kwetu mtu huwa na homa
wala hakuialika;
huwa na deni, huwa na wageni,
huwa na vita mlangoni tangu azaliwe.
Lakini lugha ya wale watu ilinitaka nichague upande.

Ningeweza kumgeukia: nao vipi, ndugu yangu?
Maneno mawili tu.
Kapiteni akatazama saa. Umeme ukakatika,
jenereta ikakohoa nje,
taa nyekundu ya mashine ikabaki inawaka.
Nikachagua neno fupi.

Yule mrefu akaandika mstari mmoja,
akaupigia mwingine chini yake.

Kijana akaendelea: alipika sombe, alichota maji,
usiku walimfunga mguu kwa kamba ya mbuzi.
Hayo niliyatafsiri yote, hata mbuzi,
ila kalamu ilikuwa imeshafunikwa.

Jumanne ndege ikaruka, haina namba ubavuni.
Redio ikasema nchi yetu imeonyesha ushirikiano.
Waziri akashukuru, akashukuriwa.
Majistra akasema hajaona faili.
Askari wa lango la Munzenze akafungua daftari,
akapitisha kidole kwenye K zote,
akaangalia hata ndani ya jalada.

Mama yake alinikuta Birere, napimiwa maharage.
Sijui nani alimwelekeza.
Kando yetu chukudu ilikuwa inashusha mkaa,
gunia baada ya gunia, mwenyewe akihesabu kwa sauti.
Mama hakulia, hakunishika shati.
"Ni wewe uliyebeba maneno ya mtoto wangu," akasema.
"Uliyashusha wapi?"

Nikatazama chini, kama mtu aliyeangusha sarafu.
Kitenge chake kilikuwa cha maua ya njano,
pindo limechanwa, nyuzi zinaning'inia
juu ya kandambili mbili zisizofanana.

Muuzaji akauliza: niongeze kikombe?
Nikasema ongeza.
Kumi na nne, akasema wa mkaa. Kumi na tano.